Saa sita ambazo wakala alitaka kuzifuta

Kwa miezi kadhaa sasa, kila ninapomaliza kuandika sehemu ya programu, msimbo wangu hupitia kwanza kwa wakala wa akili mnemba kabla haujafika kwa mwenzangu, ambaye tunafanya naye kazi katika chumba kimoja cha ghorofani hapa Mji Mkongwe. Wakala huyu si yule wa kibandani anayetoa pesa za simu (mama yangu aliniuliza hilo, na sikumcheka). Ni programu inayosoma faili zote za mradi, ikaendesha majaribio (vipande vya programu vinavyokagua kama majibu ni sahihi), ikaandika maoni yake mstari kwa mstari, na ukiiruhusu hurekebisha yenyewe.

Ukaguzi wa msimbo ni kazi ya zamani kuliko sisi. Michael Fagan wa IBM, kampuni ya kompyuta, aliuandikia utaratibu wake mwaka 1976, wa watu kuketi pamoja na kuipitia programu kabla ya kuijaribu, lakini utaratibu ule ulitaka wawepo watu wa kutosha wa kuketi. Sisi tuko wawili, na mmoja wetu jioni huenda kusomesha.

Mradi wenyewe ni mfumo wa kukatia tiketi za boti inayobeba abiria na mizigo baina ya Malindi, bandari ya hapa mjini Unguja, na Mkoani, Pemba. Siku ya kwanza tu wakala aligundua kosa ambalo sisi tulishalipita zaidi ya mara moja: abiria wawili wakibonyeza kwa pamoja kutaka kiti cha mwisho, kila ombi lilisoma kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, likakuta kiti kimoja kimebaki, likatoa tiketi, na kiti kikauzwa mara mbili. Alipendekeza kusoma na kuandika kuwe ndani ya muamala mmoja, yaani hatua moja isiyogawanyika, na rekodi ya kiti ifungwe mpaka muamala uishe. Hapo sikuwa na la kujibu.

Ilipofika zamu ya saa, mambo yalikuwa mengine. Seva yetu huhifadhi saa za Zanzibar kwa mtindo wa saa 24, na nilikuwa nimeandika kitendaji kifupi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, cha kupunguza sita, na kumi na mbili zaidi jibu likifika kumi na mbili au kuzidi, ili 22:00 isomeke saa nne usiku, kama anavyoitamka kila abiria bandarini. Wakala alikiwekea alama nyekundu. Alieleza, kwa ufasaha mkubwa, kwamba Zanzibar imetangulia saa za dunia kwa saa tatu, hivyo sita ni kosa la majira; akaigeuza kuwa tatu, na lililoniudhi zaidi, akalibadilisha hata jaribio langu ili likubaliane na marekebisho yake. Mwenzangu, aliyekuwa amechoka, aliona majaribio yote yamefaulu na akakaribia kuyapitisha. Lau angeyapitisha, boti ya saa nne usiku ingetangazwa kuwa ni ya saa saba.

Hata hivyo, sitamdhulumu. Katika maoni yale yale, chini kabisa, alisema kwamba 06:00 na 18:00 zitatoa sifuri, nami nilipojaribu nikaona kweli kwenye skrini: "saa 0 jioni." Niliirudisha sita yangu, nikaisahihisha sifuri iwe kumi na mbili, na nikaandika katika faili ya maelekezo anayoisoma wakala kila anapoanza kazi kwamba tofauti ya saa sita imewekwa kwa makusudi na isiguswe.

Kosa kubwa kuliko yote hakuliona wakala, wala mimi. Aliliona mzee anayekata tiketi Mkoani, siku tulipompelekea mfumo aujaribu. Alichagua safari ya saa nne usiku, Ijumaa, akasita, akaniuliza: "Mwanangu, huu ni usiku wa Ijumaa au Ijumaa usiku?" Kwake yeye, kama kwa wazee wengi wa kwetu, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule wa baada ya magharibi ya Alhamisi. Abiria wake hupiga simu wakitumia maneno hayo hayo, na mfumo wangu ungewaandikia tiketi ya boti inayoondoka siku moja baadaye. Msimbo ulikuwa safi, majaribio yalikuwa ya kijani, yaani yote yamefaulu, na tarehe ilikuwa sahihi kwa kalenda ya seva.

Niliongeza jambo hilo katika faili ya maelekezo, na wakala akalishika kupita kiasi: katika ukaguzi uliofuata alitaka hata hesabu ya mauzo ya siku ifungwe magharibi, na ilinibidi nimwandikie kwamba mhasibu hufunga saa sita usiku. Lakini safari hii aliuliza kwanza, hakubadilisha. Kwenye skrini ya tiketi sasa pameandikwa "saa nne usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa," na mzee aliposomewa kwa simu alisema tu kwamba maandishi yaongezwe ukubwa.