Jinsi tulivyoitawala oksijeni kwenye wodi ya korona

Wagonjwa walionitisha zaidi si waliofika wakihema. Ni wale walioingia kwa miguu yao, wakiongea vizuri tu, huku kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kikisoma 78. Mtu mwenye mapafu mazima husoma 95 kwenda juu. Kabla ya mwaka 2020 sikuwahi kuona mtu wa 78 akinisimulia habari za wajukuu wake. Nilipogundua kwamba huyo huyo anaweza kuzidiwa kabla hakujakucha, niliacha kutegemea macho. Kila aliyefika tulimpima akiwa amekaa, kisha akatembea kidogo, tukampima tena. Aliyeshuka chini ya 90 baada ya kutembea hatukumruhusu kurudi nyumbani, hata angesema anajisikia mzima.

Shirika la Afya Duniani lilipotamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba huu ni ugonjwa wa dunia nzima, hatukuwa na dawa ya kukiua kirusi. Tulichokuwa nacho ni oksijeni, nayo ilikuwa haba. Mtungi mkubwa hubeba lita kama 6,800. Mgonjwa wa barakoa yenye mfuko anaweza kutumia lita 15 kwa dakika, maana yake mtungi mzima unakwisha ndani ya saa saba na nusu. Mkimshusha hadi lita 10, unadumu kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Kwa hiyo kila zamu tulianza na hesabu. Muuguzi aliandika kwenye plasta saa ambayo kila mtungi utaisha na kuibandika pale juu, ili asiwepo wa kushtukizwa usiku wa manane.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha kutotafuta 100. Aliyetulia tulimweka kati ya 92 na 96, basi. Ndugu walilalamika wakisikia tumepunguza oksijeni ya mzee wao, na niliwaelewa. Lakini kumpandisha mtu kutoka 95 hadi 99 hakumponyi, na lita hizo zilikuwa zinamsubiri mwingine kitanda cha tatu.

Kilichotusaidia kuliko nilivyotarajia hakikugharimu kitu: kumlaza mgonjwa kifudifudi. Ukilala chali, moyo na uzito wa kifua hukandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu, na huko ndiko kwenye nafasi kubwa ya kupitisha hewa. Namkumbuka mama mmoja aliyekwama kwenye 84 na mtungi umefunguliwa hadi mwisho. Nilimwambia, "Mama, tugeuke taratibu, mimi nashika mpira wa oksijeni." Mto mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga, wa tatu chini ya miguu, uso umeelekea pembeni. Hakupenda. Alisema shingo inauma, akaomba nisiondoke. Nilibaki nimeshika mkono wake nikiangalia namba: 86, 89, ikatulia 93. Tukawa tunampa saa mbili kifudifudi, kisha ubavu, kisha anakaa. Si wote waliokubaliwa na mkao huo, na waliohitaji mashine ya kupumulia hatukuwacheleweshea kwa matumaini ya mito.

Kuhusu familia sitasema mengi, bado inaniuma. Hawakuruhusiwa kuingia, nami nilipiga simu mwenyewe kila jioni. Habari ya msiba sikuituma kamwe kwa ujumbe, niliuliza kwanza, "Uko na nani hapo?"

Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza matokeo ya deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini: miligramu 6 kwa siku, zisizozidi siku 10. Ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Ni dawa ya zamani, bei nafuu, na kabatini ilikuwapo. Nilifurahi mno. Ila waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwasaidia, na watu wakaanza kuitafuta kwa ajili ya kikohozi cha siku mbili. Hapo nilisimama imara. Wenye kisukari ilikuwa inawapandishia sukari bila faida yoyote. Kila aliyeniomba vidonge nilimwelekeza apate kipimo cha kidoleni, nikampa namba ya simu ya wodi: ikishuka chini ya 94, njoo, hata kama ni saa nane usiku.