Pikapu haivuti mlima na inatoa moshi mweusi: nilivyoitafuta shida mpaka nikaikuta

Pikapu yangu ni ya mwaka 1993, petroli, silinda nne, ya kile kizazi kilichoacha kabureta kikaanza kutumia nozo (vinyunyizio vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta ya injini) ila bado hakina ule mlango wa OBD2 wa kuchomeka mashine ikakusomea kila kitu. Naipenda sana hii gari. Imebeba mchanga, imebeba matofali, imehamisha ndugu na majirani na haijawahi kunilaza njiani, kwa hiyo ilipoanza kuchoka niliumia kweli na nikaamua safari hii sibahatishi.

Ilianza taratibu. Kuna mlima nilikuwa naupanda na gia ya tatu bila wasiwasi, nikajikuta naupanda na ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini na gari kama imefungwa kamba nyuma, alafu nikiangalia kwenye kioo naona wingu jeusi. Asubuhi ukiwasha harufu ya petroli inajaa uani mpaka macho yanawasha. Mafuta nayo yakawa yanaisha haraka kuliko kawaida, tanki niliyozoea kukaa nayo siku kumi ikawa haimalizi sita.

Sasa ukiwa na gari ya zamani yenye shida kila mtu ana jibu. Mmoja akasema pampu ya mafuta imechoka, mwingine akasema ring zimekwisha piga ovahoo, mwingine nozo. Fundi niliyempelekea mwanzo alibadilisha plagi, akabadilisha filta ya hewa, na mwisho akabadilisha sensa ya joto la maji. Plagi mpya zikanipa siku tatu nzuri, ya nne moshi ukarudi vilevile. Hapo ndo nikasema hakuna spea nyingine inanunuliwa kabla haijapimwa.

Kitu cha kwanza niliwaza huu moshi unasema nini. Petroli ili iungue vizuri inataka hewa kama sehemu 14.7 kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Ukikanyaga sana injini inapenda mafuta yazidi kidogo, sehemu 12 na nusu hadi 13 hivi za hewa, na hapo ndo inatoa nguvu yake yote. Ukizidisha zaidi ya hapo hupati nguvu, unapata masizi, maana mafuta yamekosa hewa ya kuungua nayo. Moshi mweusi ni hayo masizi. Wa bluu ungekuwa oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ungekuwa maji ya rejeta. Kwa hilo tu nusu ya ushauri niliopewa ukaanguka: pampu iliyochoka inaleta mafuta machache sio mengi, gari itakosa nguvu ndio ila haitatapika moshi mweusi, na ring zilizokwisha zingenipa wa bluu na oili ingekuwa inapungua kwenye kijiti. Yangu ilikuwa inaongezeka! Kumbuka hilo, nitalirudia.

Basi mafuta ni mengi. Yanatoka wapi? Kwa gari ya nozo njia ziko mbili tu. Ama kompyuta yenyewe inaagiza mengi kwa sababu kuna sensa inaidanganya, ama kompyuta inaagiza sawa lakini mafuta yanavuja kuingia pasipo ruhusa yake. Hili la pili ni rahisi kulipima kwa hiyo nikaanza nalo.

Kuna kile kirekebisha presha ya mafuta chenye mpira mwembamba wa vakyumu, yaani mvuto wa injini, unaoenda kwenye manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Ndani yake kuna utando, ukichanika petroli inanyonywa moja kwa moja kupitia huo mpira. Uchomoe, unuse, angalia kama una unyevu. Wangu mkavu kabisa. Nikafunga geji ya presha: ikiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa, bar 2.4, nikichomoa mpira wa vakyumu inapanda karibu na 3, nikizima injini inabaki pale haidondoki. Maana yake pampu nzima, kirekebisha presha kizima, nozo hazivuji. Nikabana pia mpira unaotoka kwenye kopo la mkaa, lile linalokusanya mvuke wa tanki, maana valvu yake ikikwama wazi injini inakunywa mvuke muda wote. Hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo kuna sensa mwongo.

Kompyuta haina macho, inaambiwa. Inaambiwa presha ya hewa kwenye manifoldi, inaambiwa umekanyaga kiasi gani, inaambiwa injini ina joto gani, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inairudishia majibu ya ilichofanya. Mpira wa sensa ya presha niliuminya wote kwa vidole kutafuta ufa, maana ukipasuka kompyuta inadhani umekanyaga mafuta muda wote na inamwaga. Mzima. Volti zake ziko juu ufunguo ukiwa on injini imezima, ukiwasha zinashuka, ndivyo inavyotakiwa.

Ikabaki joto. Na hapa ndipo wengi tunapotea, nami nilipotea wiki mbili nzima, kwa sababu geji ya joto kwenye dashibodi ilikuwa katikati vizuri kabisa. Lakini kwenye magari mengi ya umri huu geji ya dashibodi ina sensa yake ya waya mmoja, na kompyuta ina ya kwake ya waya mbili, pembeni tu ya ile nyingine. Moja inaweza kusema ukweli na nyingine ikasema uongo na wewe dereva hutajua.

Sensa ya kompyuta ni kitu kinachopunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Niliipima baridi asubuhi nikapata om 2,400 hivi, injini ikipata moto om 300. Sawasawa kabisa, na ni mpya. Mtu yeyote angeishia hapo akasema sensa nzima tuendelee na kingine.

Mimi nikazima, nikachomoa betri, nikafungua kava la chini ya dashibodi nikachomoa plagi kubwa ya kompyuta, nikapima waya zilezile mbili kutoka upande ule, injini ikiwa bado ya moto. Om 2,100. Nikarudia nikidhani nimegusa vibaya. 2,100. Yaani kompyuta ilikuwa inaona injini ya moto kama vile imelala usiku kucha nje! Na injini baridi inapewa mafuta ya ziada, ni kama ile choki ya kabureta, kwa hiyo gari yangu ilikuwa inatembea na choki siku nzima, miezi. Tena ikiwa kwenye hali ya baridi kompyuta haimsikilizi hata sensa ya oksijeni, kwa hiyo hakuna wa kuirekebisha. Na taa ya cheki injini haikuwaka kwa sababu nyuzi joto 20 na kitu sio namba ya ajabu, kompyuta inalalamika waya ukikatika au ukigusana, ila uongo unaofanana na ukweli inaukubali.

Nikarudi kwenye soketi ya sensa. Nikavuta nyuma ule mpira wa kuzuia maji, ulikuwa umepasuka upande wa chini usioonekana, na ndani shaba yote imeota kutu ya kijani, laini kama unga, ikadondoka kwenye kidole. Waya mmoja ulibaki umeshikiliwa na nyuzi tatu au nne tu. Nilipoutikisa namba kwenye mita ikaruka 2,100, 900, 1,700. Sensa ilibadilishwa mpya ikachomekwa kwenye soketi iliyooza! Sina kinyongo na yule fundi, shida ile ilikuwa imejificha kweli, lakini kipimo cha dakika tano kutoka upande wa kompyuta kingeionyesha.

Nikakata waya mpaka nilipokuta shaba inayong'aa, nikaweka soketi nyingine, nikalehemu moja moja na kuzifunga zisipitishe maji. Nikawasha. Baada ya dakika chache sailensa ikashuka yenyewe, harufu ikaisha, moshi hakuna. Baada ya siku mbili nikatoa plagi, zile zilizokuwa nyeusi kama mkaa zikaanza kuwa rangi ya kahawia.

Lakini mlima nikaupanda na gia ya pili.

Hapa nilikata tamaa kwa siku kama mbili hivi nikiri. Nilikuwa nimeamini moshi na kukosa nguvu ni ugonjwa mmoja, kumbe ni wawili na wa kwanza ndo mzazi wa wa pili.

Nikaazima geji ya vakyumu, kifaa kidogo tu cha mshale, nikakichomeka kwenye manifoldi. Sailensa inchi 18, mshale umetulia, injini haina tatizo la valvu. Nikapandisha resi mpaka 2,500 nikashikilia hapohapo bila kutikisa mguu. Kwa injini nzima mshale unashuka ukirusha resi, alafu unarudi na kukaa. Wangu ulirudi mpaka 18, ukakaa kidogo, ukaanza kushuka polepole kama saa inayoishiwa betri, 16, 14, 11, na mimi mguu sijausogeza. Hiyo ni injini inayoshindwa kutoa pumzi. Moshi unajazana kwenye ekzosi hauna pa kupita, na kisichotoka kinazuia kipya kisiingie.

Kuhakikisha nilifungua sensa ya oksijeni iliyoko kabla ya masega, kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, nikafunga geji ya presha kwenye lile tundu. Kwenye resi 2,500 presha haitakiwi kuzidi psi 3 hivi, yangu ilifika 7. Nikashusha masega, nikayagonga kwa ngumi nikasikia vipande vinacheza ndani kama kokoto kwenye kopo. Nilipomulika na tochi nikaona yale matundu madogo ya mbele yameyeyuka yakashikana, yanang'aa kama kigae. Kile kigae kinahitaji zaidi ya digrii 1,400 kuyeyuka, na joto hilo lilitoka kwenye petroli yangu mwenyewe: plagi zilichafuka masizi, injini ikawa inamisi, yaani silinda nyingine haziwaki, mafuta mabichi pamoja na hewa yake yakawa yanapita yanaenda kuungulia ndani ya masega.

Niliweka masega mapya. Najua wengi wanayatoboa wanaacha bomba tupu na gari inavuta, lakini watoto wanacheza nyuma ya hiyo gari, mimi siwezi. Ila ukiweka mapya kabla hujatibu kilichoua yale ya zamani, umeyapeleka kufa.

Na ile oili iliyokuwa inaongezeka, nilichomoa kijiti nikanusa, petroli tupu. Mafuta yasiyoungua yanaosha kuta za silinda na kushukia chini, oili inakuwa nyepesi kama maji na inaacha kulinda vyuma, tena mvuke wake unarudi kunyonywa na injini inazidi kuwa na mafuta mengi. Nilimwaga yote na filta, siku hiyohiyo. Usiahirishe hili hata kama mengine unayasubirisha.

Kwa wenye kabureta njia ni nyingine kidogo: anza na choki kama inafunguka yote injini ikipata moto, alafu boya na ile sindano yake, uchafu mdogo tu ukikaa pale mafuta yanafurika. Na filta ya hewa iliyoziba kwenye kabureta inaleta moshi kweli, wakati kwenye ya nozo kompyuta mara nyingi inapunguza mafuta yenyewe, unakosa nguvu tu. Dizeli usiichanganye na haya, moshi mweusi wa dizeli mara nyingi ni hewa haitoshi, mpira wa tabo umepasuka, au nozo zimechoka.

Mwenye gari mpya kidogo yenye OBD2, kodi ya P0172 (mafuta yamezidi) ikitokea usikimbilie kununua kitu, angalia namba ya marekebisho ya mafuta. Ikiwa hasi sana, tuseme asilimia -20, kompyuta inajitahidi kupunguza, kwa hiyo kuna mafuta yanaingia yasiyotakiwa au sensa ya hewa inasoma zaidi ya kilichopo. Ila kama kodi hiyo haipo, namba ni chanya na bado gari inatoa moshi, basi kompyuta ndo inaongeza kwa sababu imedanganywa, na mara nyingi ni ekzosi inavuta hewa kwenye ufa kabla ya sensa ya oksijeni, au silinda moja inamisi, sensa inaona oksijeni nyingi inadhani mafuta ni machache.

Jumapili nimepanda ule mlima na gia ya tatu nikiwa na mzigo nyuma, kioo cheupe. Wiki hii nafungua soketi ya sensa ya kanyagio, maana mpira wake nimeuona una ufa kama ule.