Behewa la Vyumba Vitano

Jumamosi moja ya Januari 2019 nilikaa sakafuni chumbani kwangu, mabehewa mawili ya plastiki mapajani, msumeno mwembamba mkononi, kama mtu aliyetumwa kuchinja kuku wawili na hajawahi kuchinja hata mmoja. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Chini ya kitanda ulichomoza ubao wangu wa treni, na juu ya ubao ulisimama mlima wa magazeti na gundi niliouita Uluguru. Mlima huo ulikuwa umebomoka ubavu mmoja, na waliobomoa ni hao hao mabehewa wawili.

Nilikuwa Göppingen, kusini mwa Ujerumani, mwaka wa pili wa kusomea uuguzi. Ukimtajia mji huo mtu anayejua treni za mfano, atakuambia Märklin kabla hujamaliza kutamka. Kampuni hiyo ilianzia hapo mwaka 1859, na ukiingia kwenye stoo za chini za nyumba za mji ule utadhani kila mzee ana stesheni yake. Mzee wa ghorofa ya chini kwetu alikuwa nayo. Nilimsaidia kubeba mifuko ya sokoni mara mbili tatu, akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia amestaafu, alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, Morogoro. Mzee yule alisimama pale pale kwenye ngazi. Jioni yake nilikuwa stoo kwake, nimepewa kiti na chai, na niliporudi juu nilikuwa na boksi la reli za zamani, kichwa kimoja cheusi cha mvuke chenye magurudumu sita, na ugonjwa.

Naita ugonjwa kwa sababu mtu mzima mwenye zamu za usiku hakai macho saa tisa akipaka rangi mlima wa magazeti bila kuwa na tatizo. Lakini mimi nimekulia kota za reli. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napeleka chakula cha baba getini kwenye hotipoti, na siku mlinzi akiwa na roho nzuri niliruhusiwa kuingia nikayaona mabehewa yamenyanyuliwa, yametolewa bogi zake (fremu za magurudumu), yamekaa juu kama wagonjwa waliovuliwa viatu. Harufu ya grisi na mbao zilizokatwa ilinirudia kwenye stoo ya Mjerumani, kilomita elfu kadhaa kutoka Morogoro.

Sasa, mabehewa. Kila treni inataka abiria. Nikaenda kwenye mnada wa mitumba ya treni (ndiyo, hata treni ina mitumba) nikapata mawili ya kijani, daraja la pili, aina iliyotembea kwenye reli za Ujerumani Magharibi kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Kila moja lilikuwa limepondeka ncha moja, labda liliwahi kukanyagwa na mtoto wa mtu. Yote mawili euro tano. Nilifurahi kupita kiasi, kama anavyofurahi kila mtu anayenunua kitu bila kupima.

Behewa halisi la aina hiyo lina urefu wa mita 26.4. Ligawe kwa 87, ambacho ndicho kipimo cha treni hizi, unapata sentimita 30 na ushee. Duara la reli nililopewa lilikuwa lile dogo kabisa, la nusu kipenyo cha milimita 360, kwa sababu ndilo linaloingia chini ya kitanda. Nililifunga behewa nyuma ya kichwa, nikawasha. Behewa refu halipindi kwenye kona. Bogi zake zinafuata reli, lakini mwili umenyooka kama rula: tumbo linaingia ndani ya kona na ncha zinatupwa nje. Baadaye nilipima, tumbo lilikuwa linaingia milimita 16. Mdomo wa handaki langu niliukata kwa kutazama kile kichwa kidogo cha mvuke, basi. Uluguru iligongwa mzunguko wa kwanza, ikagongwa wa pili nilipojaribu lile behewa jingine, kwa matumaini gani mpaka leo sijui.

Nilishuka chini kuomba ushauri. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akafungua kabati lake la vioo na kuanza kunitolea vitu kimoja kimoja, akinieleza kwa Kijerumani chao cha Kiswabia ambacho nusu yake nilikuwa nakikisia. Kwanza akatoa mabehewa ya bati ya Märklin ya utoto wake, mazuri, yamepakwa rangi kwa ustadi, urefu sentimita 24. Yalitakiwa yawe 30. "Hesabu madirisha," akasema. Nikahesabu. Yalikuwa yamepunguzwa, na walioyanunua kwa miaka na miaka hawakulalamika, maana watoto wenye sakafu ndogo na kona kali walikuwa wengi kuliko wenye majumba. Kisha akatoa kimoja cha Kimarekani, cha kahawia, kifupi mno, kiganja tu, chenye paa la zamani lililoinuka katikati. Hicho nikadhani ni utani. Hapana, akasema, hiki kina asili yake. Sierra Railway ya California ilikuwa na tawi la kwenda Angels Camp, milima mikali na kona za kukatisha tamaa, na mwaka 1902 wakaagiza kwa Holman wa San Francisco mabehewa mawili mafupi: moja la abiria peke yao, jingine nusu abiria nusu mizigo. Yapo hadi leo Jamestown, kwenye hifadhi ya reli. Mafundi wa treni ndogo wameyapenda kupita mabehewa ya kifahari, kwa sababu ni mabehewa halisi yenye sura ya katuni. (Miaka miwili baadaye nilikuja kuona kwamba Bandai wa Japani nao waliuza treni zilizofupishwa makusudi, B Train Shorty, mpaka zile za mwendo kasi zimekuwa kama mikate ya boflo. Ningejua mapema ningejiona sina kosa kabisa.)

Mzee akanikabidhi msumeno. "Kata," akasema.

Ndiyo hapo nilipoanzia.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kila behewa lina vyumba 12, kila chumba watu sita. Nichukue ncha nzima ya behewa la kwanza pamoja na vyumba vitatu, ncha nzima ya la pili pamoja na vyumba viwili, niviunge. Nilizungushia utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa kukata ili msumeno usiteleze, nikakata taratibu, unga wa kijani ukijaa kwenye magoti. Plastiki ilikubali. Bamba la chuma la chini, linalowekwa kulipa behewa uzito, lilikataa, ikabidi niazime jiliwa na msumeno wa chuma kwa mzee, na hata hivyo nililiharibu. Behewa jepesi huruka reli, kwa hiyo mahali pa bamba nikabandika sarafu mbili za shilingi 200 zilizokuwa zimebaki kwenye pochi tangu uwanja wa ndege. Nikapiga msasa kiungo, nikaziba ufa, nikapaka kijani karibu na kile cha mwanzo. Sakafu ya ndani yenye viti niliikata vivyo hivyo na kuirudisha.

Likatoka behewa la sentimita 15 na nusu. Lilikuwa na kiherehere. Bogi mbili zimekaribiana kama miguu ya mtoto anayebanwa na haja, ncha mbili zenye milango kamili, na katikati madirisha matano basi. Lilipita kwenye handaki bila kugusa chochote, likazunguka, likapita tena. Nilicheka peke yangu saa saba usiku mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta.

Jumapili ilikuwa siku ya kumpigia baba kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona umejikunyata?"

"Baridi tu. Leo nina kitu nataka ukione."

Akavaa miwani. Nikalileta behewa mbele ya simu. "Ligeuze," akasema. Nikaligeuza. "Taratibu, mama, bando ni langu." Nikaligeuza tena taratibu, upande huu, upande ule. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Hili limeungwa," akasema baba.

"Ndiyo baba, hapa." Nikamwonyesha.

"Kiungo nakiona, sikuulizi kiungo. Nakuuliza korido. Huku viti viko dirishani na korido iko upande wa pili, sawa. Ukifika hapa katikati, korido imehamia huku. Abiria anatoka chumba cha kwanza anatembea, anatembea, anagonga ukuta wa chumba cha nne. Umemjengea wapi pa kupita?"

Nikalitazama behewa langu kama sijawahi kuliona. Ncha zilizopona za mabehewa yote mawili zilikuwa ncha ile ile moja. Ukiziweka zitazamane, moja lazima igeuke, na korido yake inageuka nayo. Usiku mzima sikuona. Mzee wa chini, ambaye baadaye alikiri aliona alfajiri ile ile nilipomwonyesha, alinyamaza kwa adabu. Baba aliona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Halafu vyoo," akaendelea, sasa amechangamka. "Abiria 30, vyoo viwili, kila upande na chake, na hawa hawawezi kwenda kwa wale. Hili si behewa, ni nyumba mbili za kupanga. Na mabehewa mawili yalikuwa na watu 144. Hao 114 umewaacha wapi?"

Nikajaribu kujitetea. Nikamweleza Uluguru ilivyogongwa, kona, nafasi ya chini ya kitanda. Akauliza geji, yaani upana kati ya reli mbili. Nikamwambia milimita 16 na nusu, zidisha kwa 87. Baba hesabu za kichwa hajazisahau. "Elfu moja mia nne thelathini na tano. Kumbe ndiyo hii wanayotujengea hapa," akasema, maana SGR ilikuwa inajengwa kuja Morogoro, na yeye kila jioni alikuwa anakwenda kuitazama kama anayekagua. Reli yake ya maisha yote ni ya mita moja. Nikamwambia pia habari ya Wamarekani wa mwaka 1902, nikidhani nimempata: hata reli halisi ilitengeneza mabehewa mafupi kwa ajili ya kona.

"Hao walijenga fupi," akasema. "Wewe umekata refu. Hizo ni kazi mbili."

Aliposema hivyo alikuwa hachekeshi. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa nayo getini akimwambia fundi kijana alegeze nati na aanze upya, na mimi nimesimama na hotipoti. Nilijisikia nimekaripiwa, na wakati huo huo nilijisikia vizuri. Kwa miaka miwili Ujerumani baba alikuwa ananiuliza kama nimekula na kama nimevaa soksi. Sasa alikuwa ananiuliza kazi.

Siku tatu baadaye, nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, ikaingia picha. Nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa penseli, baba alikuwa amechora behewa langu kwa juu na kwa ubavu. Vipimo vyote vya mchoro vilikuwa vya behewa halisi, kwa milimita, na pembeni amevigawa kimoja kimoja kwa 87. Maelezo yalikuwa mafupi kama karatasi ya kazi ya karakana: chumba namba tatu kiondolewe viti na kuta, korido ya kushoto ikatishe hapo kwenda kulia, iwekwe nguzo ya kujishikia, abiria wasianguke kwenye kona. Chini kabisa ameandika kwamba dirisha la chumba hicho libaki, watu wapate kutazama mlima.

Nilifungua paa jioni ile. Niling'oa viti vya chumba cha tatu kwa wembe, nikabomoa ukuta, nikasimamisha njiti ya kiberiti iliyochongwa ikawa nguzo, na mzee wa chini akanipa abiria mmoja aliyesimama, mwanamke mwenye koti jekundu, nikambandika akitazama nje. Likapita handakini. Nikapiga picha kwa juu kabla sijarudisha paa, korido zote mbili zikionekana zimekutana, nikamtumia baba.

Alijibu kwa sauti, sekunde chache tu, nyuma yake jogoo akiwika. "Limepita. Lirudishwe njiani." Halafu akakaa kidogo, nikasikia anavuta pumzi ya mtu anayepiga hesabu. "Ila sasa wamebaki 24. Hao sita wengine washukie Kilosa."