Siku yangu moja, form six HGL (History, Geography, Language) hapa Songea

Saa 10 na nusu alfajiri kengele bado, mi nishaamka. Nachukua tochi na daftari la History nakaa mlangoni kwa bweni maana wenzangu wamelala, najifunga kitenge kwa sababu mwezi wa pili huku Songea ni mvua na asubuhi kuna baridi. Mwezi wa tano tunaingia NECTA, mtihani wa taifa, yaani siku zinakimbia.

Saa 12 usafi, uji, saa 1 na nusu paredi.

Saa 2 vipindi viwili vya History mfululizo. Leo tupo Great Depression, ule mdororo wa uchumi wa dunia, madam kaanza na soko la hisa la New York 1929 af akatuuliza, haya bei ya mkonge Tanganyika imeporomoka, je kodi ya mkoloni nayo ilishuka? Darasa kimya. Akasema ndo maana mkulima alikuwa anauza mazao mengi zaidi kulipa kodi ileile. Hiyo kwangu haitoki kichwani, maana zamani nilikuwa nakariri tu "fall of prices" bila kumwona mtu aliyebeba mzigo.

Jografia, GS (General Studies), saa 8 ugali maharage.

Saa 9 alasiri diskasheni chini ya mwembe na hapa ndo siku yangu ilipo. Swali ni kwa nini Majimaji, vita vya wazee wetu dhidi ya mkoloni Mjerumani, ilishindwa. Kila mtu anataja pointi za kwenye desa, zile notsi za kukariri: silaha duni, umoja haukutosha, maji ya dawa hayakuzuia risasi. Mwenzangu mmoja wa Kilwa akasema kwao Umatumbi ndo vita vilianzia, Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, na alivyokuwa anaongea unaona kabisa anaongelea nyumbani kwao.

Mi nikasema jamani njaa iko wapi? Bibi yangu yupo Peramiho, aliwahi kunihadithia alivyosikia kwa bibi yake, kwamba askari walichoma maghala na mashamba watu wakabaki kuchimba mizizi porini, na walipofika kwenye mizizi ndo wakaacha kupigana. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 mpaka 300,000 na wengi ni njaa siyo risasi, sasa njaa ilikuwa silaha kabisa, tena iliyopangwa, tunaiwekaje mwishoni kama matokeo tu? Tulibishana karibu saa zima.

Na hapa nina jambo linaniuma kweli. Bibi kanihadithia kwa Kingoni na Kiswahili, mtihani naandika kwa Kiingereza, kwa hiyo nusu ya nguvu yangu inaishia kutafuta maneno badala ya kufikiri. Wapo wanaojua historia vizuri sana wakisimulia lakini karatasi inawaangusha, natamani wakubwa waliangalie hili.

Saa 11 jioni nguo, kuoga. Kutoka shuleni mpaka makumbusho ya Majimaji unatembea tu kwa miguu, tulienda mwaka jana tukasimama kwenye kaburi la pamoja la waliozikwa baada ya kunyongwa Februari 1906, akiwemo Nkosi (chifu wa Wangoni) Mputa Gama, na mji wenyewe una jina la nduna, yaani kiongozi wa vita, Songea Mbano. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Steinmeier alifika palepale akaomba msamaha, nilikuwa bado O-level, nilimpigia bibi simu akanyamaza muda mrefu akasema "haya mwanangu, wamekuja."

Saa 1 mpaka saa 4 usiku prepo. Nimejipimia muda, esei moja ya Majimaji, naweka saa mezani siangalii daftari. Mkono unauma. Nimemaliza kwa dakika 41, pointi ya njaa nimeiweka ya kwanza na kuielezea aya nzima, kesho asubuhi nampelekea madam asahihishe.