Kupiga picha treni ya TAZARA, Uyole

Mnaotaka kupiga picha treni huku Mbeya: kwenye reli hii ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo simama kaskazini mwa reli. Ukikaa kusini, ubavu wa treni unatoka mweusi tii.

Usitegemee mawingu meupe ya mvuke. TAZARA ilianza na vichwa vya dizeli. Moshi utaupata kwenye mpando, injini inapobeba mzigo, na Uyole ndiko reli inakofika juu kabisa, kama mita 1,790. Kwenye mteremko hutoki na kitu.

Kasi ya shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400. Kukiwa na ukungu panda hadi ISO 800, usishushe kasi ya shata. Taa ya mbele huidanganya kamera, picha nzima ikawa giza: pima mwanga kwenye nyasi kabla treni haijatokea, kisha weka kipimo hicho kwa mkono. Fokasi nayo ifunge mapema kwenye taruma, gogo linaloshikilia reli.

Baridi ya asubuhi ikiisha, usiingie na kamera wazi kwenye chumba chenye moto wa mkaa, lenzi itatoa jasho. Iache ndani ya begi nusu saa.

Stesheni na madarajani omba ruhusa kwanza. Na kwenye tuta la reli hapakanyagwi, hata kama ratiba inasema treni bado.