Shawa ya umeme ilikuwa inatupiga shoti, tatizo lilikuwa kwenye ethi

Shawa ikiwaka, ukigusa bomba mkono unasisimka. Tulibadilisha koili (waya unaopasha maji moto), tukaoga na ndala, wapi! Shawa nyingi za aina hii koili yake iko uchi ndani ya maji, kwa hiyo ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ni lazima.

Fundi umeme alizima swichi kuu, akapima. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umefungwa vizuri kwenye shawa, hata kwenye mita. Kumbe kule nje, klempu ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu, haigusi kabisa fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini! Akaikwangua fimbo hadi shaba ikang'aa, akafunga klempu mpya ya shaba, akakaza, akapima tena. Msisimko ukaisha. Akaongeza kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima chenyewe umeme ukivuja.