Barua ya Dakar, Eda ya Kondoa

Kidato cha tano nilichukua KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, katika shule ya bweni ya wasichana mjini Dodoma. Sarufi haikutusumbua sana. Mlima ulikuwa riwaya. Kabla ya likizo ya Juni, Madame, mwalimu wetu wa Kifaransa, alitugawia kopi za Une si longue lettre, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka mwaka 1979 na kupata Tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika, mwaka uliofuata. Tukirudi, kila mmoja awe na insha.

Likizo ile baba alinipeleka Kondoa kwa dada yake. Mume wa shangazi alikuwa amefariki, naye yuko eda, hivyo alihitaji mtu wa kumwendea sokoni na kisimani. Lami ilikuwa bado, na kuanzia Haneti hadi Chemba basi zima lilikuwa vumbi. Riwaya niliifunga ndani ya kanga ili isiharibike.

Mchana nilikaa naye uani tukipukuchua alizeti, kitabu kikiwa magotini.

"Unanong'ona nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Kuna mwanamke wa Dakar, mwalimu, anaitwa Ramatoulaye. Amefiwa na mumewe, Modou, na sasa yuko ndani anamwandikia barua rafiki yake Aïssatou.

"Yuko eda?"

"Ndiyo, shangazi. Miezi minne na siku kumi, kama wewe."

"Basi nisomee na mimi."

Ndivyo tulivyoanza. Nasoma sentensi kimoyomoyo, nafungua kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, kisha namwambia kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokuwa kizito namalizia kwa Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa. Kazi ilikuwa ya polepole, lakini sijawahi kusoma kitabu kwa makini kiasi kile. Shangazi hakuniruhusu kuruka kitu. Tulipofika pale Modou anapomuoa Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe, alitaka kujua mama yake Binetou alisema nini, na kama mahari ilikuwa kubwa. Aïssatou aliponunua gari na kumpa Ramatoulaye aliyeachwa ahangaike na daladala za Dakar, shangazi aliweka ungo chini. "Huyo ndiye rafiki," akasema, na siku ile hatukuendelea, maana alianza kunisimulia rafiki zake wa ujanani.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Tamsir. Huyu ni kaka yake marehemu. Arobaini imepita, eda haijaisha, naye anaingia nyumbani kwa mjane na kutangaza kwamba akitoka eda atamuoa. Amekuja na watu, na mmoja wao ni imamu. Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka mingi, anamjibu. Anamkumbusha wake alionao tayari: mmoja anatia nguo rangi, mwingine anauza matunda, wa tatu anazungusha cherehani mchana kutwa, wote wakimlisha yeye. Anamwambia yeye si kitu cha kupokezana mkono kwa mkono.

Nilisoma kwa sauti ya juu kwa sababu nilikuwa naipenda sehemu ile. Darasani Madame alikuwa ametueleza habari ya kurithi wajane, na sote tuliandika daftarini: mila dhidi ya mwanamke. Shangazi hakusema mila. Alikaa wima.

"Imamu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

Nikarudi kwenye ukurasa. Imamu anashtuka, anamlaumu Ramatoulaye kwa kutamka maneno kama yale akiwa bado na nguo za eda.

"Anamlaumu nani? Hebu rudia."

Nikarudia. Shangazi alikuwa amesoma chuo cha Kurani tangu utoto, na aya aliijua kwa moyo: Surat al-Baqara, aya ya 235. Mjane aliye edani unaweza kumdokeza kwa mbali, lakini kuazimia kufunga ndoa, hapana, mpaka muda utimie. "Tamsir ndiye aliyevunja sheria," alisema, "na mwenye elimu amekaa kwenye kiti anamtazama. Huyo mama anatetea dini mbele ya imamu, na imamu hajui." Alilisema hilo kwa hasira, kama vile Tamsir alikuwa amekaa pale uani kwetu.

Insha niliiandika usiku ule ule kwa kibatari, Kifaransa changu kikichechemea, hoja ikiwa ya shangazi. Shule ilipofunguliwa, Madame aliisoma mbele ya darasa. Akauliza nimeipata wapi. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza niiandike upya, hoja ile iwe aya ya kwanza, na nimtaje shangazi. Mpaka leo naiona ndiyo alama kubwa niliyowahi kupewa, ingawa hakuandika namba yoyote.

Kisha akauliza shangazi anasemaje kuhusu Daouda Dieng, yule daktari mwenye mke, aliyemposa Ramatoulaye kwa heshima naye akamkataa. Hatukuwa tumefika huko. Tulifika Desemba, shangazi akiwa ametoka eda, na hapo tuligombana. Mimi nilimsifu Ramatoulaye kwa kukataa ili asimuumize mwanamke mwenzake. Shangazi alisema yeye angemkubali Daouda.

"Na mke wake, shangazi?"

"Huyo mke, ndani ya kitabu chote hicho, kuna aliyemuuliza?"